Chuo Kinasajiliwa

Mwanaume akiingia ofisini kwa jirani yangu na kuapa kwamba watoto wake wanakula, mama huyo alimwuliza swali moja tu.

"Wanakula, au wamekula?"

Baba wa watu angeshika kofia yake, angetazama dirishani, angetafuta pa kukimbilia. Wanakula, mama.

"Hilo nimelisikia. Leo wamekula?"

Hapo ndipo jasho lilipoanza kumtoka. Kula kwa "na" kunaweza kuwa kwa Krismasi iliyopita, lakini kula kwa "me" kunataka sufuria iliyochafuka. Nimemwona akiwabana hivyo wenye ng'ombe na wenye magari, na wengine walitoka mle wakionekana wadogo kuliko walivyoingia. Duka langu la vitenge lilitazamana na ofisi yake hapa Same mjini, dirisha lake lilikuwa wazi muda wote kwa sababu ya joto, na mimi sina tabia ya kuziba masikio.

Mji mzima ulimwita Ustawi. Kibao cha mlangoni kiliandikwa cheo kirefu, Afisa Ustawi wa Jamii, lakini wanawake waliogombana na waume zao hawakuwa na muda wa maneno manne. "Nitakupeleka kwa Ustawi!" Hayo yalitosha. Jina lake la ubatizo nalijua, na sitaliandika, maana hakupenda kutajwa. Nilimtania mara nyingi juu ya hilo neno. Mahindi yanastawi, migomba inastawi, lakini ofisini kwako, jirani, mbona sijaona kilichostawi? Alicheka kwa puani, akasema hata yeye hajaona.

Tulikuwa majirani wa dukani na majirani wa nyumbani pia, tukitenganishwa na ukuta mmoja. Yeye Mlutheri wa Myamba, juu kabisa milimani, mimi Mwislamu wa hapa hapa barabarani, ambako babu zangu walianza biashara kabla lami haijapita. Idi nilimpelekea pilau, Pasaka aliniletea kuku. Alikuwa mgumu wa sukari, ukienda kwake chai utainywa kama dawa, lakini kitenge akikitaka alinunua bila kubishana bei, jambo ambalo kwa Mpare ni ugonjwa.

Na tukitajana Wapare, wanaotutania kwa kupenda kesi hawajakosea sana. Watu walimgeuza Ustawi kuwa mahakama. Nakumbuka mzee mmoja aliyetoka Vudee na mashahidi, amevaa koti la harusi yake, kumshtaki mwanawe mkubwa kwa kupita shambani bila kumwamkia. Ustawi aliwasikiliza, akawaambia mashahidi warudi nyumbani, kisha akawakalisha baba na mwana kwenye benchi la nje. Benchi lenyewe lilikuwa fupi, ukikaa wawili magoti yanagusana. Akaingia ndani akaendelea na kazi zake. Asubuhi ikapita. Jua la Same likawawakia pamoja, upepo ukawamwagia vumbi pamoja. Mchana mzee akasema, bila kumtazama mtu, "Nenda kaniletee maji." Kijana akanyanyuka, akaja dukani kwangu kuomba kikombe. Ustawi akatoka na funguo mkononi.

"Kesi imekwisha. Nendeni mkawahi gari."

Mzee alikasirika sana. "Nimetoka Vudee alfajiri, na hukumu sijapewa!"

Kesi za namna hiyo ndizo nilizopenda kusimulia dukani. Nyingine sikuzisimulia. Kuna siku alitoka kwenye nyumba moja huko Maore akiwa na mtoto aliyefungwa kanga ya mtu mwingine, na jioni ile hakunisalimia. Niliposikia redio yake ikitangaza mpira kwa sauti ya kupasua ukuta, nilijua siku imekuwa mbaya. Kwa miaka niliamini anapenda mpira. Siku moja nikamwuliza anashabikia timu gani, akashindwa kuniambia hata wanaocheza ni kina nani.

"Nataka tu kusikia watu wakipiga kelele kwa jambo lisilomuumiza mtu," alisema.

Huyu aliyewabana watu wazima kwa "na" na "me" alikuwa akiwadanganya watoto mchana kweupe. Mtoto aliyeondolewa kwao akimwuliza mama atakuja lini, alijibu, "Keshokutwa." Alijua fika kwamba huyo mama haji keshokutwa wala mwaka huo. Nilimsema. Nikamwambia utakuja kuulizwa na Mungu wako.

"Mtoto hawezi kubeba 'sijui', mama Zahara," alinijibu. "Mimi naweza kubeba uongo. Basi tugawane hivyo."

Tena hakuweza kushukuriwa. Aliowasaidia waliteremka na mikungu ya ndizi na tangawizi mbichi kwenye viroba, naye akiwaona wanakuja alivuka barabara na kupotelea sokoni. Mizigo ikaachwa dukani kwangu. Nimekula ndizi nyingi za watu nisiowajua, na wengine wakidhani Ustawi ndiye mimi wakanipigia magoti nikiwa na mkasi mkononi.

Sasa, mabinti wa mji huu walipoona mwanamke anayetetemesha wanaume bila kuinua sauti, wakataka kuwa yeye. Kila matokeo ya mitihani yalipotoka, wazazi walimfuata nyumbani Jumamosi na watoto wao kuuliza waombe chuo gani. Aliwapokea barazani. Kabla ya chuo alimgeukia mtoto mwenyewe.

"Mtu akilia mbele yako, unafanya nini?"

"Namnyamazisha," wengi walijibu haraka, wakidhani wamepata.

"Kasome uhasibu."

Aliyesema anakaa naye, au aliyesema hajui, huyo alivutiwa kiti. Kisha Ustawi alianza somo lake, nami nilikuwa nasikiliza huku napepeta mchele upande wa pili wa ukuta, mpaka nikalijua kama Alhamdu. Kwanza, ustawi wa jamii si maendeleo ya jamii. Watu wanachanganya, wanaomba kozi moja wakidhani ni nyingine, wanashtuka wakiwa mwaka wa pili. Wa maendeleo anaita watu mkutanoni, wa ustawi anamfuata aliyeshindwa kuja. Pili, usitazame geti. Vyuo vingi vina geti zuri. Uliza wanafunzi wao wanapelekwa wapi kujifunza kwa vitendo, na wakifika huko nani anawasimamia, maana kuna waliomaliza na cheti chao ambao hawajawahi kuingia kwenye nyumba inayonuka mkojo. Tatu, je, kimesajiliwa? Hapo alimtaka mzazi alitamke hilo neno mwenyewe, na lile "me" lisikike.

Wengi aliwaelekeza vizuri. Wapo wanaofanya kazi Mwanga, wapo Korogwe, mmoja yuko hospitali kubwa Moshi na akipita Same hushuka kwenye basi kumsalimia. Barazani pale palikuwa pa heri kweli.

Kisha ikaja habari ya Namkunda.

Namkunda alikuwa binti wa mkulima wa tangawizi wa Myamba, jirani wa nyumbani kwao Ustawi, waliyesali naye kanisa moja. Ustawi mwenyewe ndiye aliyemvuta kwenye kazi hii. Alipokuwa msichana wa sekondari Namkunda alikuwa akienda kumwogesha bibi mmoja kipofu ambaye hakuwa hata ndugu yake, na Ustawi aliposikia aliniambia, "Huyo atanirithi." Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu namna hiyo, hata mwanangu.

Siku aliyokosea, Ustawi alikuwa likizo huko Myamba. Baada ya ibada, wakati wa matangazo, mgeni aliyevaa suti alisimamishwa mbele kueleza habari za chuo kipya cha ustawi wa jamii, katika mji nisioutaja. Alisema wanafunzi wa chuo hicho watapelekwa kwenye vijiji vya milimani, kukaa na familia, kujifunza nyumba kwa nyumba, yaani vile vile Ustawi alivyokuwa akiota kwa miaka. Akamalizia, "Na chuo chetu kinasajiliwa na serikali." Waumini wakasema amina.

Kinasajiliwa. Neno limepita masikioni mwa mwanamke ambaye angemrudisha baba yeyote mlangoni kwa silabi hiyo moja, naye amelisikia, amelipenda, amelimeza. Akatoka nje, akamkuta baba yake Namkunda chini ya paa la kengele, akamwambia, "Mpeleke."

Baba aliuza kipande cha shamba kilichokuwa karibu na maji. Namkunda akaenda. Mwaka wa pili wanafunzi wakakuta geti limefungwa kwa mnyororo, walimu hawapo, na walipofuatilia wakaambiwa vyeti vya mwaka wa kwanza havitambuliki popote. Yule mgeni wa suti hakuwa amesema uongo. Chuo kilikuwa kinasajiliwa kweli, na mpaka kinafungwa kilikuwa bado kinasajiliwa.

"Nilikuwa kanisani, mama Zahara," aliniambia jioni alipopata habari, amesimama jikoni kwangu na viatu vyake miguuni, jambo asilolifanya. "Masikio yangu nilikuwa nimeyaacha Same." Nikamwambia hata daktari hukosea. Akaniuliza ni daktari gani anayekosea kwenye ugonjwa anaoufundisha kila Jumamosi. Nikamwekea chai yenye sukari, na hakuigusa.

Alijitolea kumsomesha Namkunda upya kwa mshahara wake. Baba akakataa. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba msaada wake wa kwanza bado hawajamaliza kuulipia. Namkunda mwenyewe alishuka Maore, akapanga chumba, akawa anapandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu, na msimu ukiisha anakaanga vitumbua stendi. Hakuomba chuo kingine tena.

Baraza likafungwa. Mzazi akija Jumamosi alikuta mlango umerudishiwa na redio inatangaza mpira. Waliogonga sana aliwajibu kwa dirishani: akasome ufamasia, dawa hazilii.

Mwanangu Zahara alikulia kwenye ukuta ule. Akitoka shule alipenda kukaa kwenye benchi la Ustawi kuliko dukani kwangu, na akina mama waliokuwa wakisubiri walimzoea. Alipomaliza kidato cha sita na matokeo mazuri, nilijua atakachosema kabla hajafungua mdomo. Nilikuwa nimetamani angalau awe mwalimu. Akasema ustawi wa jamii, na vyuo ni viwili, kimoja cha Dar es Salaam, cha zamani, kingine kipya cha Moshi. Mimi roho yangu ilikuwa Moshi. Moshi naenda asubuhi narudi jioni, mtoto akiugua namfikia. Lakini hicho kilikuwa kipya, na neno "kipya" lilikuwa limenitia woga. Tulihitaji mtu wa kutuambia, na mtu huyo alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Zahara alimfuata. Nikasikia kila kitu.

"Akasome ufamasia," Ustawi alisema, kana kwamba Zahara ni mtu wa tatu.

"Mama, mimi sitaki ufamasia. Niambie tu kipi. Dar au Moshi?"

"Sijui."

"Unajua! Watu wote umewachagulia. Mimi ndiye nimekaa kwenye benchi lako tangu nikiwa na meno ya utoto, halafu mimi ndiye unaninyima?"

Nilisikia kiti kikiburuzwa, kisha mlango. Kesho yake Ustawi alipita dukani bila kuingia. Nilimkasirikia, nakiri, nikamwona ana roho mbaya, na niliendelea kumwona hivyo hadi alipostaafu, jambo ambalo halikuchukua muda. Alipakia vitu vyake kwenye gari la kubebea vitunguu, akaniachia redio, akapanda Myamba kwenda kuishi mita chache kutoka kwenye nyumba ya baba yake Namkunda. Nilimwuliza kwa nini asibaki Same. Alisema Same hakuna anayemdai.

Miezi michache baadaye tukasikia amepigwa na kiharusi.

Dirisha la mwisho la kuomba vyuo lilikuwa linakaribia kufungwa na Zahara bado hajaomba. Alikuwa amekomaa kwamba bila neno la Ustawi haombi, na mimi nilikuwa nimechoka kumsihi. Basi nilifunga duka tukaondoka. Gari la kupitia Kisiwani, vumbi mpaka kwenye kope, kisha Maore na mashamba yake ya mpunga, kisha Gonja, na kutoka hapo pikipiki za kupanda mlima. Tulipofika Myamba ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba na sisi tumevaa nguo za Same. Meno yaligongana.

Dada yake mzee alitupokea, akatuonyesha chumba. Ustawi alikuwa amelala chali, upande wake wa kushoto umekufa, uso umeteremka kidogo. Mwanamke wa umri wa Zahara na zaidi kidogo alikuwa amechuchumaa pembeni ya kitanda na beseni, akimwosha miguu. Alitusalimu vizuri, akaendelea.

"Shikamoo mama," alisema Zahara.

"Marahaba... mwanangu." Maneno yalimtoka polepole lakini yote yalikuwa mazima. Akazungusha macho kwa yule mwanamke. "Huyu ndiye Namkunda."

Namkunda akakamua kitambaa, akamfunika miguu, akachukua beseni akatoka nje.

"Anapanda kutoka Maore kila akikosa kibarua," Ustawi aliniambia. "Hakuitwa. Ananiosha, ananigeuza, ananilisha. Salamu ananipa. Zaidi ya salamu, hakuna. Nimemwambia asije, akaja. Nimemwomba anitukane, akanibadilisha shuka." Akatulia kutafuta pumzi. "Ningekuwa kazini ningejua la kuandika juu ya nyumba kama hii. Sasa niko ndani yake, sijui."

Nililia. Sikujali kama kwa sheria zake kulia ni kufaulu au kufeli. Nilimshika mkono ulio hai, nikamwomba msamaha kwa hasira zangu za dukani, naye akaniminya vidole.

Zahara alivuta kigoda. "Mama, sikuja kukusumbua. Zimebaki siku chache. Dar au Moshi? Neno moja tu."

Ustawi alimtazama sana. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande uliokuwa bado wake.

"Usiniulize mimi," alisema. "Nakuomba."

Zahara akanyanyuka, akatoka. Nikamfuata hadi mlangoni, nikidhani anakwenda kulia. Namkunda alikuwa uani anamwaga maji kwenye mashina ya migomba. Dirisha la chumba lilikuwa juu ya kichwa chake, wazi.

"Dada," Zahara alimwita. "Eti ungekuwa wewe, ungechagua kipi?"

Namkunda alisuuza beseni, akalikung'uta. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mimi hata sijui kuchagua kukoje, mdogo wangu," alisema. "Mimi nilichaguliwa."

Kwetu neno hilo mtoto hulisema akirukaruka, siku jina lake linapotoka kwenye waliopata shule. Sikuwahi kulisikia likisemwa vile. Kutoka dirishani ikaja sauti, nzito, ikijikwaa.

"Namkunda. Nisamehe, mwanangu."

Alibaki ameshika beseni. Ukungu ulikuwa unapita kati yake na sisi. Nilimwombea kwa Mungu aseme ndiyo, nikamwombea vilevile aseme hapana, lolote, ili mambo yaishe.

"Maji yamepoa, mama," alijibu. "Naleta mengine."

Akapita mbele yetu kwenda jikoni. Zahara alimtazama hadi alipoinamia moto, kisha akanigeukia, akanyoosha mkono.

"Mama, nipe simu yangu."

Simu ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimemwomba aniachie tangu Maore, nikisema nataka kumpigia baba yake, na nilikuwa nimeshakata shauri kwamba tukifika penye mtandao nitabonyeza Moshi kwenye fomu yake ya maombi mimi mwenyewe.

Nikampa.